Meno ya Utotoni Yakiondoka Kabla ya Wakati: Nguvu ya Kuuma kwa Watoto Wadogo wa Karagwe na Kyerwa

Katika vyumba vya tiba ya meno ya watoto, iwe Kayanga, Nkwenda au Dar es Salaam, kauli inayosikika kuliko zote ni kwamba meno ya utotoni "yatang'oka tu". Kauli hiyo ina ukweli wake, ila haikamiliki mpaka liulizwe swali moja: yatang'oka lini? Jino la mbele linalolegea mtoto akiwa na miaka 6 limemaliza kazi yake, na mwenyewe hulitikisa kwa ulimi kwa furaha. Gego linalong'olewa mtoto akiwa na miaka 4 bado lilikuwa na deni la miaka kadhaa ya kutafuna. Makala haya yanaeleza kinachotokea katika miaka hiyo ya deni, hususani katika nguvu ya kuuma, na yameandikwa kwa kuwafikiria wazazi, wauguzi, matabibu wa meno na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera.

Wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na Karagwe, na hadi leo maisha ya kinywa cha mtoto katika wilaya hizo yanafanana. Chakula kikuu ni ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Mto Kagera unaitenganisha Kyerwa na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, na watu, bidhaa na imani huvuka mto huo kila siku. Mambo hayo mawili, ndizi na mpaka, yana uhusiano wa karibu na mada yetu kuliko msomaji anavyoweza kudhani.

Kalenda ya kinywa

Mtoto huota meno 20 ya utotoni. Ya kwanza, kwa kawaida yale mawili ya mbele chini, huchomoza karibu na umri wa miezi 6 hadi 10. Magego ya kwanza hufuata katika mwaka wa pili, kisha chonge kati ya takriban miezi 16 na 23, na magego ya pili hukamilisha safu mtoto akikaribia miaka 2 na nusu au 3. Kung'oka nako kuna utaratibu wake. Meno ya mbele hupisha kuanzia miaka 6 hadi 8; chonge na magego husubiri hadi kati ya miaka 9 na 12. Mzazi akilikumbuka hili moja tu, amekumbuka jambo kubwa: magego ya utotoni hayakuwekwa kwa ajili ya utoto wa miaka mitano. Yanatakiwa kutafuna hadi mtoto afike darasa la nne, la tano, hata la sita.

Katikati ya kipindi hicho, karibu na miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya utotoni. Halisukumi jino lolote wala halitanguliwi na pengo, kwa hiyo wazazi wengi hulihesabu kuwa ni jino la utotoni. Likianza kuoza husemwa nalo litang'oka tu, kumbe hilo halina mrithi.

Nguvu ya kuuma ni nini, na hupimwaje

Kiswahili kimetupa maneno yanayotenganisha kazi za meno vizuri. Mtoto hung'ata muwa kwa meno ya mbele, huchana nyama kwa chonge, na hutafuna mahindi ya kuchoma kwa magego. Wataalamu wanaposema "nguvu ya kuuma" huwa na maana ya msukumo mkubwa kabisa ambao mtu anaweza kuutoa anapofunga taya la chini dhidi ya la juu, na mara nyingi hupimwa penye magego. Mtoto huketi wima, kifaa chembamba chenye kihisi cha msukumo huwekwa kati ya magego ya juu na ya chini, kisha huambiwa aume kwa nguvu zake zote. Zoezi hurudiwa mara kadhaa, kulia na kushoto. Kwa mtoto wa miaka 3 kazi hiyo inataka subira na mchezo, kwa sababu mtoto anayeogopa kifaa huuma kwa woga na kipimo hutoka kidogo kuliko uwezo wake.

Nguvu hiyo huhesabiwa kwa nyutoni (N). Ili msomaji asipotee katika tarakimu, afikirie dumu la lita 20 lililojaa maji: linabonyeza ardhi kwa takriban N 200. Katika utafiti wa Jordan uliochapishwa mwaka 2013, wastani ulikuwa N 176 kwa watoto walio mwanzoni mwa kipindi cha meno ya utotoni, N 240 kwa walio mwishoni mwa kipindi hicho, N 289 meno ya ukubwani yalipoanza kuchanganyika na ya utotoni, N 433 mchanganyiko huo ulipokaribia kuisha, na N 527 meno yote ya ukubwani yalipotimia. Watafiti wa Brazili waliopima watoto wa miaka 3 hadi 5 na nusu walipata wastani unaozidi kidogo N 200 kwa wenye mpangilio wa kawaida wa meno. Kwa hiyo mtoto wa chekechea mwenye magego yake yote anaweza kubana kwa uzito wa dumu zima la maji, na akifika ujanani atakuwa amefikia zaidi ya madumu mawili na nusu. Tarakimu hizi zisichukuliwe kuwa sheria kwa mtoto wa Kihanga au Kaisho, kwani vifaa hutofautiana na watoto pia. Kilicho imara ni mwelekeo wake, yaani nguvu hupanda kila hatua ya meno inapotimia.

Nguvu hiyo hutoka wapi? Chanzo ni misuli, hasa ule wa shavuni, ambao mzazi anaweza kuuhisi ukivimba akiweka vidole juu ya shavu la mtoto anayekaza meno, pamoja na ule mpana wa panjani. Lakini misuli peke yake haitoshi. Taya la chini hufanya kazi kama nyenzo ambayo egemeo lake ni kiungo cha taya karibu na sikio, na kadiri chakula kinavyokuwa karibu na egemeo ndivyo msukumo unavyokuwa mkubwa. Ndiyo sababu mtu akitaka kuvunja kitu kigumu hukisogeza nyuma kwenye magego bila kufundishwa na yeyote. Tena, kuzunguka mzizi wa kila jino kuna utando mwembamba wenye neva zinazopeleka taarifa kwenye ubongo kuhusu ugumu wa kitu kinachoumwa. Ubongo hutumia taarifa hizo kuamua misuli ikaze kiasi gani. Gego linapoondoka, mtoto hupoteza sehemu ya kubania, na hupoteza pia mpashaji habari mmoja.

Pengo linapotokea

Si kila pengo lina uzito sawa. Mtoto aliyepoteza meno mawili ya mbele kwa kuanguka hupata shida ya kung'ata na ya kutamka baadhi ya sauti, na wenzake wanaweza kumtania, lakini nguvu yake ya kuuma penye magego haiguswi sana. Gego likiondoka mambo hubadilika, kwa kuwa nguvu ya kuuma na ubora wa kutafuna hufuata kwa karibu idadi ya magego yanayokutana, la juu na la chini. Gego moja la chini likiondoka, lile la juu lililokuwa likikutana nalo hubaki bila mwenzake. Kwa hiyo jino moja limeng'olewa, lakini yaliyopoteza kazi ni zaidi ya moja.

Katika mlo wa kawaida mtoto hatumii nguvu yake yote. Hutumia sehemu tu, na inayobaki ni akiba. Hapa ndipo baadhi ya wazazi huuliza: kama kutafuna hakuhitaji nguvu yote, kupungua kwake kuna hasara gani? Hasara huonekana kwenye vyakula vinavyodai zaidi. Mtoto mwenye akiba ndogo hutafuna muda mrefu kuliko wenzake, au humeza mabonge makubwa, au huhamishia kazi yote upande mmoja wa kinywa, au huacha kabisa vyakula fulani. Wengi hufanya yote manne kwa nyakati tofauti. Wala hatasema "siwezi kutafuna", kwa sababu hajui kutafuna kwingine, atasema "sitaki".

Lipo pia suala la ukuaji. Misuli ya kutafuna na mifupa ya taya hukua kwa kutumika. Majaribio ya wanyama waliolelewa kwa chakula laini yameonyesha mara kwa mara misuli na mataya madogo kuliko ya wenzao waliolishwa chakula kigumu. Mtoto si panya, na haitakuwa haki kuyahamisha matokeo hayo kama yalivyo. Hata hivyo, miaka mitano au sita ya kutafuna upande mmoja, katika umri ambao taya linajijenga, haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo dogo.

Ndizi huficha

Mtoto wa Karagwe aliyepoteza magego hakonda papo hapo wala hakatai kula. Sababu ni kwamba ndizi iliyopikwa huvunjika kwa ulimi na kaakaa. Mtoto asiye na gego hata moja anaweza kumaliza sahani ya ndizi na kuomba nyingine, na mama yake akaondoka mezani ameridhika kwamba mtoto anakula vizuri. Katika maeneo ambako chakula kikuu ni kigumu zaidi, pengo hujitangaza mapema. Huku kwetu Kagera ndizi hulisitiri.

Kinachoachwa ni kile kinachoandamana na ndizi. Ganda la harage linahitaji kusagwa. Nyama ya ng'ombe au ya mbuzi, ambayo haipatikani kila siku, inahitaji kuchanwa kisha kutafunwa. Karanga, mahindi ya kuchoma, muwa, na senene wanapoingia msimu, vyote vinataka magego. Kwa maneno mengine, mtoto aliyepungukiwa nguvu ya kuuma hubakiwa na wanga, na hupoteza sehemu ya protini, madini ya chuma na mafuta. Njaa yake inatulizwa, lakini mlo wake umepungua.

Mazungumzo ya kliniki huonyesha jambo hili mhudumu akiuliza vema. Muuguzi kijana akimwamkia bibi aliyemleta mjukuu, "Shikamoo bibi," akaitikiwa "Marahaba mwanangu," kisha akauliza kama mjukuu anakula maharage, jibu karibu kila mara litakuwa "Anakula." Akiendelea kuuliza, "Anakula harage lenyewe, bibi, au mchuzi wake?" bibi atanyamaza kidogo, kisha aseme kwamba harage huwa analitoa pembeni ya sahani. Swali hilo la pili ni kipimo kizuri cha nguvu ya kuuma kwa zahanati isiyo na kifaa chochote.

Tunalisema hili tukikumbuka kwamba udumavu ni tatizo la zamani mkoani Kagera. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliukuta kwa takriban asilimia 42 ya watoto walio chini ya miaka 5, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 34. Itakuwa kosa kuyatwika meno mzigo huo. Udumavu huanza tumboni mwa mama na katika miaka miwili ya kwanza, kabla magego hayajakamilika, na una sababu nyingi za maradhi, umaskini na malezi. Lakini mtoto aliyekwisha kudumaa, kisha akapoteza magego akiwa na miaka 3 au 4, amefungiwa mlango mmoja ambao angeweza kuutumia kujirudishia hali.

Meno ya nailoni

Upo upotevu wa meno usiosababishwa na kuoza wala kuanguka. Ni ule wa kung'olewa vichipukizi vya chonge mtoto angali mchanga, kwa imani kwamba ni "meno ya nailoni" au "ya plastiki" yanayoleta homa na kuharisha. Ng'ambo ya mto, katika Ankole na maeneo mengine ya Uganda, imani hiyo inajulikana kwa jina la ebiino, neno lenye shina lile lile la jino. Nchini Rwanda husemwa ibyinyo. Mwaka 1969 mtaalamu wa Denmark, J. J. Pindborg, alichapisha maelezo ya desturi hiyo nchini Uganda na kasoro za meno zinazoifuata. Kwa Tanzania, M. I. Matee na W. H. van Palenstein Helderman waliandika mwaka 1991 kuhusu kung'olewa kwa meno ya nailoni na kasoro zake, na mwaka 1997 E. N. Kikwilu na J. F. Hiza walichunguza sababu za kijamii zinazowapeleka wazazi kwa waganga ili vichipukizi ving'olewe au fizi zisuguliwe dawa za miti shamba. Desturi hii haina kabila wala nchi moja, na haitakuwa sahihi kusema imevuka mto kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Mama anayefikia uamuzi huo hafanyi hivyo kwa ukatili. Mtoto wake ana miezi 5 au 6, anaharisha, ana homa, hanyonyi vizuri. Akimfunua mdomo anaona kwenye fizi uvimbe mweupe pande mbili. Uvimbe huo ni chonge za kawaida zilizo chini ya fizi, ambazo zingechomoza karibu mwaka mmoja baadaye. Umri huo ndio ambao mtoto huanza kupewa vyakula vya nyongeza, huokota na kutia mdomoni kila kitu, na kinga aliyorithi kwa mama inapungua; kuharisha na homa ni vya kutarajiwa, na malaria haipo mbali. Mganga hung'oa kwa kisu, spoki ya baiskeli au kucha. Baada ya siku chache kuharisha kunakoma, kwa kuwa kuhara kwingi hukoma kwenyewe, na sifa inakwenda kwa aliyeng'oa. Wale ambao hawakupona hawapo wa kusimulia, kwani miongoni mwa madhara ya tendo hili ni kutokwa damu nyingi, uambukizo wa damu, pepopunda na hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kifaa kilichotumika kwa mtoto mwingine.

Kuhusu nguvu ya kuuma, hesabu yake ni ndefu. Chonge ya utotoni iliyotolewa mtoto akiwa na miezi 6 haitaota tena; atakayejaza nafasi hiyo ni chonge ya ukubwani, inayofika kati ya miaka 9 na 12. Ni takriban muongo mzima bila jino la kuchana. Zaidi ya hapo, taji la chonge ya ukubwani huanza kupata madini mtoto akiwa na miezi 4 hadi 5, ndani ya taya, hatua chache tu kutoka kwenye ncha ya kile kisu. Kwa hiyo jino la ukubwani linaweza kuota likiwa na umbo lisilo sahihi, gamba dhaifu, au likaota mahali pasipo pake. Jino la pembeni ya mbele na gego la kwanza la utotoni nayo yanaweza kudhurika. Tabibu wa meno anayemkuta mtoto wa miaka 4 asiye na chonge za chini pande zote mbili, na meno ya jirani yamesogea kujaza nafasi, na aulize historia hiyo kwa upole. Mama akikaripiwa hatarudi na mtoto wa pili.

Kwa mtoto mchanga anayeharisha, huduma iliyo sahihi ipo zahanati: ORS na vidonge vya zinki, kuendelea kunyonyesha, kipimo cha malaria kama ana homa, na rufaa ikiwa amelegea, hanyonyi au kinyesi kina damu. Dawa hizo ni rahisi, lakini zina ushindani na mganga kwa sababu mganga humwonyesha mama kitu alichokitoa mdomoni, kidogo, cheupe, laini. Mhudumu naye na amwonyeshe mama kitu. Amfunulie mdomo wa mtoto mwingine mzima asiyeumwa, aliye kliniki siku hiyo hiyo, amwonyeshe uvimbe ule ule mweupe.

Kuoza, na koleo

Sababu ya kawaida zaidi ya kupoteza magego mapema ni kuoza. Jino la utotoni lina gamba jembamba kuliko la ukubwani na kiini chake kipo karibu na uso, kwa hiyo tundu dogo hufika kwenye neva kwa haraka. Soda, pipi, biskuti na chai yenye sukari nyingi vimefika hadi magulio ya vijijini, na mswaki wa mtoto haujafika kwa kasi hiyo. Katika vituo vingi vya umma nchini mwetu tiba inayopatikana zaidi ni kung'oa, na mzazi huja akiwa amechelewa, mtoto hajalala usiku mbili.

Hapa ninataka kutahadharisha dhidi ya somo linaloweza kueleweka vibaya. Kusema kwamba kupoteza gego hupunguza nguvu ya kuuma si kusema gego bovu liachwe. Jino linalouma hupunguza nguvu kabla halijang'olewa, kwani ubongo huzuia misuli isikaze penye maumivu, na usaha kwenye fizi humnyima mtoto usingizi na hamu ya kula. Mwaka 2012 lilichapishwa jaribio lililofanywa Ufilipino kwa watoto wenye uzito pungufu ambao meno yao ya utotoni yalikuwa yameoza hadi kwenye kiini. Waliong'olewa mapema waliongezeka uzito kuliko waliosubiri. Kwa mtoto mwenye jipu la fizi, pengo ni bora kuliko jino. Jambo la kusikitisha si koleo. Ni kwamba jino lile lingeweza kuzibwa mwaka mmoja na nusu kabla.

Kuziba huko hakuhitaji mitambo mikubwa. Tundu dogo linaweza kusafishwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa kwa glasi ayonoma bila mashine ya kuchimbia wala umeme. Iko pia dawa ya majimaji yenye fedha na floridi inayopakwa kwenye tundu kuzuia kuoza kusiendelee. Hulitia jino weusi, na mzazi aelezwe hivyo mapema, lakini haina sindano wala maumivu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili, pamoja na dawa ya mswaki yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Mhudumu anayeandaa mahitaji ya kituo na alikumbuke hilo anapojaza fomu ya kuagiza.

Baada ya gego kuondoka

Swali la kwanza ni gego lipi na mtoto ana umri gani. Gego la pili la utotoni likitolewa kabla ya gego la miaka 6 kuota, lile la ukubwani huota likielekea mbele na kukalia nafasi ya mrithi, na baadaye meno hubanana. Mtoto huyo ndiye anayestahili rufaa kuliko wengine, kwa ajili ya kifaa cha kutunza nafasi. Vifaa hivyo hutengenezwa penye maabara ya meno, na kwa familia ya Murongo au Mabira safari hiyo, iwe ya Bukoba au ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, ina gharama halisi. Hivyo tusiwape rufaa wote kwa mkupuo. Gego la kwanza la utotoni likitoka mtoto akiwa na miaka 8 na nusu, mara nyingi kusubiri kunatosha.

Kifaa cha kutunza nafasi hutunza nafasi tu. Aina nyingi hazirudishi kutafuna. Kinachorudisha kutafuna ni meno bandia madogo ya kuvaa na kuvua. Nchini Brazili watoto waliopoteza magego ya utotoni mapema walivalishwa meno hayo na kufuatiliwa kwa mwaka mmoja, nguvu yao ya kuuma ikaongezeka. Watoto hao pia walikua katika mwaka huo, kwa hiyo si ongezeko lote ni la kifaa, lakini matokeo yanaonyesha kuwa misuli ya mtoto huitikia mara inapopata mahali pa kubania. Meno hayo hupotea, huvunjika, na taya likikua hubana, hivyo yanafaa kwa mtoto aliyepoteza magego mengi na mwenye mzazi anayeweza kurudi kliniki.

Kwa wengine wote, tiba iliyo karibu ni jikoni. Maharage yalowekwe usiku kucha na kupikwa hadi ganda lilainike, kisha yapondwe pamoja na ndizi. Karanga zisagwe na kutiwa kwenye mboga au uji. Nyama ikatwe vipande vidogo sana au itwangwe, na dagaa wasagwe. Mtoto apewe muda wa kula bila kuharakishwa na kaka zake wenye magego. Wala asizuiwe vyakula vigumu kabisa kwa upande ulio mzima. Kipande cha muwa kilichomenywa au hindi la kuchoma ni mazoezi ya misuli, mradi mtu mzima awe karibu. Karanga nzima asipewe aliye chini ya miaka 5, mwenye magego au asiye nayo, kwa kuwa zinaweza kumpalia.

Kuhusu kinga, maneno machache yanatosha. Mswaki uanze jino la kwanza linapochomoza, ukishikwa na mkono wa mtu mzima hadi mtoto afike miaka 7 au 8. Dawa ya mswaki iwe na floridi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na cha njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Vitu vitamu viliwe pamoja na mlo, si kati ya milo, na mtoto asilazwe na chupa ya chai au maziwa ya sukari mdomoni.

Nawageukia mwisho wahudumu wa kliniki ya watoto, kwa kuwa wao humwona mtoto mara nyingi kuliko daktari yeyote wa meno. Siku ya kupima uzito, baada ya mtoto kushuka kwenye mzani, inuliwe midomo na yatazamwe magego kwa mwanga wa dirisha au wa tochi ya simu. Hesabu magego manne chini na manne juu kwa aliyetimiza miaka 3. Andika kwenye kadi yasiyopo na yenye matundu. Kisha uliza lile swali la harage na mchuzi. Kazi yote haichukui dakika mbili, na tundu linaloonekana siku hiyo linaweza kuzibwa kabla halijawa pengo.